Areka Yenye Makuti ya Njano na Ncha Kavu: Mwongozo Kamili wa Kuitunza

Ukikuta kuti la areka, ule mmea wa mapambo wa jamii ya mnazi, limegeuka njano, liache kopo la maji lilipo. Mbolea nayo iache. Chuchumaa kwanza utazame ni kuti lipi: la chini lililozeeka, la katikati, au lile jipya lililofunguka juzi kule juu. Kuti la chini na la juu yanaweza kuwa na njano ileile huku yakilalamikia mambo mawili tofauti, na tiba ya moja ikaliumiza jingine. Watu wengi humwaga maji kwanza, wakaja kutazama baadaye.

Kwao ni wapi

Areka tunayoiweka sebuleni na kuipanda uani asili yake ni mashariki mwa Madagaska, kwenye kingo za mito na misitu ya mchanga mweupe karibu na bahari. Jina lake la kisayansi ni Chrysalidocarpus lutescens, ingawa kwa miaka mingi imeandikwa Dypsis lutescens na bado utaikuta hivyo kwenye vibao vya vitalu. Usiichanganye na mpopoo, ule unaotoa popoo za kutafuna na tambuu. Ndugu yake wa karibu huku kwetu ni mpapindi, mti wa Pemba unaoonekana katika msitu wa Ngezi.

Huko kwao kuna joto mwaka mzima, mvua nyingi, na mchanga unaopitisha maji upesi. Mahitaji mawili ya kwanza kila mtu anayakumbuka. Hilo la tatu ndilo husahaulika, nalo ndilo linaloua.

Tena, kile unachokiona kama mti mmoja ndani ya kiroba cha kitalu mara nyingi ni miche kumi au zaidi iliyooteshwa pamoja ili ionekane imejaa. Nafasi haiitoshi yote. Kadiri muda unavyokwenda, miche dhaifu ya katikati hukauka na iliyobaki hunenepa. Huo si ugonjwa. Kata shina lililokufa usawa wa udongo, basi.

Hatua ya 1: Kuchagua mche

Kwenye vitalu vya kando ya barabara, iwe Barabara ya Bagamoyo jijini Dar es Salaam au Ngong Road ya Nairobi, macho hukimbilia mche mrefu. Urefu si hoja. Tafuta mikuki, yaani makuti mapya yaliyosimama wima kabla hayajafunguka. Mche wenye mikuki mitatu minne una nguvu ya kuhimili kuhamishwa.

Geuza vijani, yaani vile vijani vyembamba vinavyounda kuti, utazame upande wa chini, maana wadudu hujificha huko. Shika shina mojamoja ulitikise taratibu. Likicheza, mizizi yake imeoza au lilichomekwa siku chache zilizopita. Vidoa vidogo vyeusi au vya kahawia kwenye mabua ya njano visikutishe. Ni magamba ya kawaida ya areka, yapo hata kwenye iliyonawiri, na kuna watu wamepiga dawa miezi mizima kutibu rangi ya kuzaliwa.

Kabla ya kulipa, uliza: "Kaka, hii ilikuwa chini ya neti ya kivuli au juani?" Jibu lake ndilo litakaloamua wiki tatu za kwanza nyumbani kwako.

Hatua ya 2: Mahali pa kuiweka

Ndani ya nyumba areka hupenda mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja. Mita moja au mbili kutoka kwenye dirisha kubwa panatosha, na jua la asubuhi halina neno. Kwenye kona yenye giza haitakufa mara moja. Itakaa kijani iliyokolea, mashina yakirefuka na kulegea, huku mikuki mipya ikipungua.

Nje inaweza kukaa juani kutwa nzima, ila mabua huwa ya dhahabu na kijani hupauka. Ukiitoa kivulini ukaiweka juani siku hiyohiyo, vijani vitababuka madoa meupe yanayogeuka kahawia, na hayaponi. Izoeshe: wiki ya kwanza jua la asubuhi tu, wiki ya pili hadi saa nne au saa tano, kisha ndipo uiache. Ikiwa ilikuwa juani na unaipeleka sebuleni, nayo ipitie barazani kwanza. Makuti machache yatageuka njano hata hivyo, kwa kuwa yaliumbwa kwa mwanga mwingine.

Joto la Pwani linaifaa. Chini ya nyuzi 10 za Selsiasi huanza kuumia, kwa hiyo aliyeko Makete, Njombe au Limuru aiingize ndani Juni hadi Agosti na kuitenga na kioo cha dirisha usiku. Dar shida ni kiyoyozi. Areka iliyo kwenye njia ya upepo wake itakauka ncha hata ukiinywesha maji ya zamzam. Isogeze. Kunyunyizia makuti maji asubuhi na jioni kunamfurahisha mwenye chupa zaidi ya mmea, kwani unyevu huo hupotea baada ya dakika chache, na kama maji ni ya chokaa huacha utando mweupe kwenye vijani. Kuikusanya pamoja na mimea mingine kunasaidia zaidi.

Na zile sifa za kusafisha hewa ya nyumba? Utafiti wa NASA wa mwaka 1989 uliozaa habari hizo ulifanywa ndani ya masanduku yaliyozibwa. Sebule yenye madirisha si sanduku. Inunue kwa uzuri wake. Habari njema kwa wafugaji ni kwamba haina sumu kwa paka wala mbwa.

Hatua ya 3: Chungu na udongo

Chungu lazima kiwe na matundu chini. Ukitaka kile cha mapambo kisicho na tundu, weka mche kwenye chungu cha plastiki chenye matundu, kisha ukitumbukize ndani ya hicho kizuri, na ukitoe kila unapomwagilia.

Udongo mwekundu wa kiroba hugandamana ukawa tofali. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu mbili za usumba (nyuzi za makumbi ya nazi) au kokopiti (ungaunga wa makumbi hayo), sehemu moja ya mboji au samadi iliyoiva kabisa, na sehemu moja ya mchanga wa mto wenye chembe kubwa. Ongeza vipande vya mkaa vya ukubwa wa punje ya mahindi ukiwa navyo. Mchanga wa baharini usiuguse.

Hapo kwenye usumba pana mtego. Unguja na Pemba makumbi ya nazi hufukiwa kwenye tope la pwani kwa miezi kadhaa ili yalainike kwa kusokota kamba, na usumba wa namna hiyo umeshiba chumvi. Hata kokopiti ya matofali inaweza kuwa na chumvi. Iloweke kwenye maji baridi yasiyo ya chumvi, kamua, mwaga, rudia mara tatu. Ni kazi ya nusu saa.

Kuhamisha chungu hufanywa kila baada ya miaka miwili au mitatu, mizizi inapojitokeza chini au maji yanapopita moja kwa moja bila kunywewa. Wakati mzuri ni mwanzo wa mvua, mmea unapokuwa na nguvu ya kuotesha mizizi.

1. Mwagilia siku moja kabla, donge litoke zima.
2. Chagua chungu kinachozidi cha zamani kwa sentimita 5 hivi tu. Kikubwa mno hubaki na udongo uliolowa usio na mizizi ya kuunywa.
3. Laza chungu, gonga pembeni, vuta donge kwa kulishika lenyewe, si kwa kuvuta mashina.
4. Usichane mizizi wala kuipunguza. Kata ile myeusi iliyolainika peke yake.
5. Weka donge kwenye kina kilekile cha zamani. Kufukia shingo za mashina ili mmea usimame vizuri ni kuinyima mizizi hewa. Ukiona unayumba, ufunge kwenye kijiti kwa muda.
6. Mwagilia hadi maji yatoke chini. Mbolea isubiri wiki sita.

Hatua ya 4: Kiasi cha maji

Ratiba ya "kila Jumatatu na Alhamisi" inafaa vikao, haifai areka. Chomeka kidole hadi kifundo cha pili. Pakiwa na ubichi, acha. Sentimita 3 hadi 5 za juu zikikauka, mwagilia taratibu hadi maji yatoke kwenye matundu, subiri robo saa, kisha mwaga yaliyobaki kwenye kisahani. Ukishaizoea, utajua kwa kuinua chungu tu: kilichokauka huwa chepesi kwa namna ambayo mkono haukosei.

Chungu kilekile kinaweza kutaka maji mara tatu kwa wiki Dar katika kiangazi cha Januari, na mara moja kwa wiki au chini ya hapo Nairobi mwezi Julai.

Aliyezidisha na aliyepunguza maji wote wataona makuti yakinyauka, ndiyo maana aliyezidisha huongeza tena. Kidole hutofautisha. Udongo mkavu na makuti yaliyokunjika kwa urefu ni kiu. Udongo mbichi, harufu ya uvundo, na makuti ya njano yanayolegea ni mizizi inayooza. Ukifika huko, toa mmea, kata mizizi iliyooza, upande upya kwenye mchanganyiko mkavu kidogo na chungu kinachobana, uuweke kivulini. Baadhi ya mashina yatapona na mengine hayatapona.

Hatua ya 5: Kilichomo ndani ya maji

Hapa ndipo ncha za kahawia zinapotoka mara nyingi, na ndipo pasipotazamwa. Ncha ya kijani ni mwisho wa safari ya maji. Maji huvukia hewani, na kile yalichobeba hubaki pale kikirundikana hadi tishu inakufa. Kwa hiyo ncha iliyokauka yenye mstari mwembamba wa njano kati ya kahawia na kijani, tena kwenye makuti mengi kwa pamoja, inakuelekeza kwenye ndoo yako kabla ya kitu kingine.

Mshukiwa wa kwanza Pwani ni chumvi. Visima virefu vya maeneo yaliyo karibu na bahari hutoa maji yenye ladha ya magadi. Kama sabuni haitoi povu vizuri na bomba la bafuni lina ukoko mweupe, areka yako inakunywa hayohayo. Utauona ukoko mweupe au wa manjano juu ya udongo na kwenye ukingo wa chungu.

Mshukiwa wa pili ni floraidi, na areka ni miongoni mwa mimea inayoathirika nayo upesi. Wanaoishi Arusha, Meru na ukanda wa Bonde la Ufa hadi Naivasha na Nakuru hawahitaji maabara ili kuamini ipo. Meno ya kahawia ya watoto waliokulia kwenye maji hayo ni ushahidi tosha. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 kwa lita kwa maji ya kunywa, na vyanzo vingi vya huko huvuka kiwango hicho. Kuchemsha hakusaidii. Kunaongeza makali, maana maji hupungua na floraidi inabaki palepale. Kuyalaza usiku kucha kwenye ndoo wazi hupunguza klorini ya bomba, lakini floraidi na chumvi hakuziondoi.

Kinachosaidia ni maji ya mvua. Mfereji mmoja wa bati na pipa la lita 200 vitalisha areka kadhaa kwa muda mrefu. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la paa kabla ya kukinga. Mvua ikiwa haipo, changanya nusu ya maji ya kisima na nusu ya mvua uliyohifadhi, au angalau usafishe udongo kila baada ya miezi mitatu: peleka chungu nje na umwagilie maji bora uliyo nayo, mara mbili au tatu ya ujazo wa chungu, kidogokidogo kwa muda wa saa moja hivi, yakitoka chini bila kuzuiwa. Chungu cha lita 10 kitataka lita 20 hadi 30. Kwangua ukoko wa juu kabla hujaanza.

Penye floraidi, epuka pia mbolea za fosfeti nyingi kama TSP na unga wa mawe ya fosfeti, kwani floraidi huja nazo. Chokaa kidogo ya dolomaiti kwenye udongo ulio mchachu hupunguza kiasi ambacho mizizi inachukua. pH (kipimo cha uchachu) ya 6 hadi 6.5 inatosha, na ukizidisha utazua njano nyingine nitakayoieleza hapa chini.

Ncha zilizokwisha kauka hazirudi kijani. Zikikukera, zipunguze kwa mkasi ukifuata umbo la kijani, ukiacha uzi mwembamba wa kahawia. Ukikata sehemu ambayo bado ni ya kijani unafungua kidonda kipya, nacho kitakauka.

Hatua ya 6: Mbolea

Areka hula sana potasiamu na magnesiamu. NPK 17-17-17 iliyojaa kwenye maduka ya pembejeo inafaa kwa kuanzia: kijiko kimoja cha chai kisichojaa kwa chungu cha lita 15 hadi 20, kikitawanywa mbali na mashina juu ya udongo mbichi, kila wiki sita hadi nane wakati wa joto na mvua. Wakati wa baridi pumzisha. Urea peke yake huipa kijani cha haraka huku ikiifilisi potasiamu. Samadi mbichi huunguza.

Mmea mgonjwa haulishwi mbolea mpaka ujue unaumwa nini.

Hatua ya 7: Kusoma makuti

Sasa turudi pale tulipochuchumaa.

Kuti moja tu la chini kabisa linageuka njano lote, kisha kahawia, huku mikuki mipya ikiendelea kutoka: huo ni uzee. Liache likauke kabisa ndipo ulikate karibu na shina.

Makuti kadhaa ya chini yana vidoa vidogo vya njano au rangi ya chungwa, na ncha zimeungua. Kata kijani kimoja ukiinue kuelekea dirishani. Kama vidoa hivyo vinapitisha mwanga kama karatasi iliyodondokewa mafuta ya taa, ni upungufu wa potasiamu. Wengi hudhani ni ukungu wakapiga dawa. Tumia salfeti ya potasiamu kwa kiasi kidogo, na usinunue ile ya kloraidi kwa mmea wa chunguni. Na usiyakate makuti hayo yenye madoa. Mmea unanyonya potasiamu kutoka kwenye makuti ya zamani kulisha mapya. Ukiyaondoa, utahamia kwenye yanayofuata, ngazi kwa ngazi, mpaka ubaki na fimbo tatu. Mafanikio utayaona kwenye makuti yatakayozaliwa, na hilo huchukua miezi.

Makuti ya chini yana ukanda mpana wa njano kwenye kingo na kijani kilichokolea katikati kufuata uti: huo ni upungufu wa magnesiamu. Chumvi ya Epsom, kijiko kimoja cha chai kwenye lita 2 za maji, mara moja kwa mwezi kwa miezi mitatu.

Mmea mzima umepauka, kuanzia makuti ya zamani, na ukuaji umedumaa: nitrojeni imepungua, au udongo umechoka.

Makuti mapya yanatoka ya njano huku ya zamani yakiwa kijani: hapo ni madini ya chuma. Ila usikimbilie dukani, maana mara nyingi madini yamo udongoni na mizizi ndiyo isiyoweza kuyachukua, kwa sababu udongo umejaa maji, mche umefukiwa kina kirefu, au chokaa imezidi. Rekebisha hilo kwanza. Kuongeza maji hapa ndiko kunakomalizia mmea.

Kuti jipya linatoka dogo, limekunjamana, vijani vimekauka kana kwamba limepitiwa na moto: ni upungufu wa madini ya manganizi. Hii ni ya hatari kuliko zote, kwa kuwa kilele cha shina kikifa, shina zima limekufa, kama mnazi uliotolewa moyo wake. Salfeti ya manganizi ndiyo tiba, kwa kipimo cha kwenye pakiti, pamoja na kuangalia chokaa.

Hatua ya 8: Wadudu

Vijani vikipoteza mng'ao na kuwa na vumbi la vidoa vyeupe vidogo, weka karatasi nyeupe chini yake ukigonge kijani. Punje zinazotembea ni utitiri. Hupenda hewa kavu, kwa hiyo areka ya ofisini yenye kiyoyozi ni nyumbani kwao. Ipeleke bafuni au uani, uioshe kwa maji ya kasi hasa upande wa chini wa makuti, kisha nyunyiza maji ya sabuni, kijiko kimoja cha chai cha sabuni ya maji isiyo kali kwa lita moja, jioni. Rudia kila baada ya siku tano hadi saba, angalau mara tatu, kwa sababu mayai hayafi mara ya kwanza.

Wale weupe wenye nywele za pamba kwenye maungio ya mabua ni vidung'ata. Waguse kwa pamba iliyochovywa spiriti. Wadudu magamba, vijikombe vya kahawia vilivyobandika kwenye uti, wakwangue kwa kucha au mswaki wa zamani kabla ya sabuni. Ganda lao huzuia dawa kuingia. Mafuta ya mwarobaini yanafaa, lakini jaribu kuti moja kwanza usubiri siku mbili, na usinyunyize juani. Ukiona msururu wa sisimizi wanapanda mashina, wafuate. Wanafuata utamu unaotolewa na hao wadudu, na huwalinda.

Kugawa na kupanda nje

Usiigawe areka kwa tamaa. Kila fungu liwe na mashina manne au matano yenye mizizi yake, likatwe kwa kisu kikali mwanzo wa masika, likae kivulini mwezi mzima. Litanuna. Njia ya mbegu ni ya pole lakini ya uhakika zaidi: okota zilizoiva zikiwa rangi ya njano hadi chungwa, ondoa nyama, panda zikiwa mbichi mahali penye joto, usubiri mwezi mmoja hadi mitatu.

Kwa ua la kuzuia macho ya jirani, acha mita moja hadi moja na nusu kati ya miche, na mita moja na nusu kutoka ukutani, maana kichaka chake hutanuka na nje mashina hufika mita 6 au zaidi. Mwagilia kwa bidii miezi sita ya kwanza, tandaza majani makavu juu ya udongo bila kugusa mashina. Nyumba inayotazama bahari ipande safu hii upande usiopigwa na kusi, ambayo hubeba chumvi ikaipaka kwenye makuti. Na kama hakuna upande mwingine, yaoshe kwa maji baridi kila wiki msimu huo.